Ubao Si Mzigo

Makindu
9 Januari 1988

Mpendwa Mjomba Musembi,

Pokea salamu kutoka huku barabarani, ambako malori hayalali na vumbi halitui. Mimi ni mzima, mume wangu Kang'ethe ni mzima, na mama mkwe, Mama Wanjiro, bado anaamka kabla ya jogoo ili afungue duka la misumari, kana kwamba kuna mtu anayetafuta mabati gizani. Goti lako linaendeleaje? Mwambie Mama Syokau kwamba kile kiondo alichoniletea nilinyang'anywa na mama mkwe. Huenda nacho kanisani kila Jumapili na kuwaambia wenzake kwamba Wakamba wanajua kusuka, hata kama hawajui kupika.

Utashangaa naandika Kiswahili. Kang'ethe anataka kusoma barua zako mwenyewe. Kila akifika penye Kikamba hunigeukia nimsomee, na juzi alisema amechoka, kwamba yeye ni mkwe wako na hataki kutafsiriwa. Wewe ulijifunza Kiswahili kwenye darasa la gumbaru, la watu wazima, na kupewa cheti. Basi kitumie.

Sasa jambo lenyewe. Baada ya Pasaka tunataka kwenda pwani kupumzika kwa wiki moja, kwenye ile hoteli niliyofanya kazi kabla ya kuolewa. Unakumbuka nilianza kwa kufua mashuka, kisha nikapelekwa kwenye kibanda cha mbao za tanga. Mtu husimama juu ya ubao mrefu ulio majini, ubao una mlingoti na tanga, naye hushika ufito wa tanga na upepo humchukua. Nilikuwa hodari, Mjomba. Sikukwambia wakati ule kwa sababu ungekuja kunichukua.

Kang'ethe anataka kuniona nikifanya hivyo, na sasa anataka kujifunza naye. Hapo ndipo penye kazi. Mimi nikipata upepo wa alasiri nafika hadi kwenye mwamba na kurudi. Yeye atakuwa akianguka kwenye maji ya magoti. Sitaki akae mchangani akinishikia taulo, wala sitaki kumshika mkono wiki nzima mpaka tuchukiane. Nimemwandikia Nzuki, yule kijana wa Nuu aliyenifundisha, ambaye bado yuko pale. Anasema tuje kati ya kaskazi na kusi, upepo ukiwa mpole. Asubuhi iwe ya Kang'ethe, kwa ubao mpana na tanga dogo. Alasiri iwe yangu.

Lakini Kang'ethe hajui kuogelea hata kidogo. Kwao Murang'a mto ni baridi na mamake alikuwa na fimbo. Nimefikiria nikuletee mwezi wa pili, mto Athi ukiwa umeshuka, umfundishe kwenye yale maji ya mawe ambako mamba hawakai. Hakuna mtu ninayemwamini na maji isipokuwa wewe.

Ni mimi mpwa wako,
Nzilani


Kanyangi
24 Januari 1988

Mwanangu Nzilani, na wewe mkwe wangu unayesoma juu ya bega lake,

Wakya. Ukiitikia salamu yangu kwa "aa" nitasikia hata huku. Barua yako ilikaa Kitui mpaka mwalimu wa shule alipoiona akaileta kwa mkono. Sisi tuko. Mbaazi zimekauka kabla ya kujaa, kunde zimetupa kidogo, na kanisa limeezekwa nusu, kwa hivyo mvua ikija waumini wa upande wa wanaume ndio watakaolowa. Goti langu linajua hali ya hewa kuliko redio. Mama Syokau amefurahi kuhusu kiondo, lakini kuhusu upishi anasema atakuja mwenyewe ajibu.

Nimesoma habari ya mbao mara mbili. Sisi huku tunafunga na kuomba maji yaje, nyinyi mnapanda basi kuyafuata. Mtu mzima anasimama juu ya ubao ili aangushwe na upepo, kisha analipa. Haya, kila ndege huruka kwa ubawa wake. Na kwamba ulinificha miaka yote hiyo, hilo tutaliongea ukija, mbele ya Mama Syokau.

Kang'ethe, wewe hukuwahi kuambiwa kwa nini mimi ndiye mtu wa kamba hapa kivukoni. Sikiliza. Nilikuwa na ndugu, Ndululu, kaka wa mama yake Nzilani. Alinunua baiskeli, ya kwanza upande huu. Mvua za mwezi wa nne zilimkuta ng'ambo na hakutaka kuiacha kwa watu. Akaingia mtoni akiwa ameibeba begani. Mimi nilikuwa ukingoni, nikampigia kelele aiachie. Aliishika. Mto uliwachukua wote wawili, na tulipompata huko chini vidole vyake vilikuwa bado vimeshika usukani. Tulimzika na alama za chuma mkononi.

Tangu siku hiyo nimevusha watu wengi, na kila mmoja nimemwambia maneno yale yale kabla hajalowesha mguu. Maji yakikushinda, vua kilicho mwilini, achia kilicho mkononi, kata maji kuelekea ukingo. Aliyenisikia yuko hai. Wako walionitukana kwa ajili ya debe la mafuta lililokwenda na maji, na wananitukana mpaka leo wakiwa wazima.

Njoo, mkwe. Utarudi Makindu ukiwa samaki.

Mjomba wenu,
Musembi


Makindu
13 Februari 1988

Mpendwa Mjomba,

Aa. Tumesikia salamu na tumecheka habari ya kanisa. Kang'ethe alisoma kisa cha Ndululu, kisha akaenda kukisoma tena peke yake nyuma ya duka. Unajua baba yake alifariki yeye akiwa mdogo sana. Alipomaliza aliniuliza kama anaweza kukuita Baba. Nilimwambia akuulize mwenyewe.

Anakuja wiki ijayo, atakaa kwako siku chache. Mama mkwe amekasirika kwamba mwanawe anakwenda kuoga mtoni kama mtoto wa shule, lakini amempa sukari na majani ya chai akuletee. Hasira yake ndivyo ilivyo.

Nina neno moja, na nakuomba ulichukue kwa uzito. Baharini Nzuki humwambia kila mwanafunzi, kabla ya kumwonyesha hata kusimama: usiache ubao. Ukianguka, ukichoka, upepo ukifa, mkondo ukikuvuta, panda juu ya ubao, lala, ungoje mashua ya injini. Ubao hauzami. Tena mashua inauona ubao, lakini kichwa peke yake hakionekani kati ya mawimbi. Naomba umwambie hivyo unapomfundisha. Neno langu ni la mke, na la mke husikilizwa jikoni. Lako atalishika.

Ni mimi,
Nzilani


Kanyangi
6 Machi 1988

Mwanangu Nzilani,

Wakya. Barua yako ya mwezi uliopita imefika juzi, mkwe akiwa amesharudi kwenu zamani. Sijui ilipitia wapi. Bahasha ina doa la chai.

Umeolewa na mtu mwema. Siku ya kwanza aliogopa maji kama paka, akaingia amevaa viatu. Siku iliyofuata alielea. Baadaye nilimwona anakata maji mkono kwa mkono, mdomo umefunguka kwa kicheko, anakunywa Athi yote. Jioni aliwaimbia kina mama wimbo wa Kikikuyu na Mama Syokau akampa paja la kuku, ambalo mimi sijapewa tangu tuoane.

Siku ya mwisho nilimpeleka kwenye kina chini ya jiwe. Nilimpa gunia la mchanga nikamwambia avuke nalo. Likamvuta chini. Nikapiga kelele: achia. Akaachia, akaibuka. Tukarudia, tukarudia tena, mpaka mkono wake ukajifunza kabla ya kichwa. Nilimfundisha na lile fundo langu la kufungia mizigo, linalofunguka kwa kuvuta ncha moja, na akalijua upesi kwa sababu mtu wa duka ana mikono. Kisha nilichota maji mdomoni nikamtemea kifuani kwa baraka, kama nilivyofanyiwa na baba yangu. Akaniambia, "Baba, naapa. Kikinivuta, navua, naachia, natafuta ukingo."

Kuhusu ubao wenu, nimesikia. Nzuki anajua kazi yake na simdharau. Lakini mtu aliyekwisha kushika neno moja usimtwike mawili, maana siku ya shida atasimama katikati akichagua. Na kila kisicho mwili wako ni mzigo. Baiskeli ya Ndululu ilikuwa nzuri pia. Wewe ukitaka kumwambia, mwambie. Mimi sitarudi nyuma ya neno nililombarikia.

Mungu awatangulie.

Mjomba,
Musembi


Makindu
29 Machi 1988

Mpendwa Mjomba,

Naandika kwa haraka, duka limejaa watu wa kununua mabati kabla mvua haijakolea. Asante kwa samaki uliyemrudisha. Kila mteja ameonyeshwa jinsi ya kukata maji, juu ya kaunta.

Mipango imekamilika. Tunaondoka Jumanne baada ya Pasaka. Wageni ni wachache wakati huo, kwa hivyo Nzuki atakuwa na nafasi ya kumfundisha peke yake. Siku za mwanzo Kang'ethe hatatoka kwenye maji ya kiunoni. Akiweza kugeuza ubao bila kuanguka ndipo ataruhusiwa kwenda mbali kidogo, upande wa ndani wa mwamba, akiwa amevaa jaketi la kuelea. Mimi nitakwenda mbali pale tu yeye akiwa amepumzika.

Nimemwambia habari ya kutoacha ubao. Ananiitikia, "Ndiyo, mwalimu." Namjua akisema hivyo. Ubao si mzigo, Mjomba. Nikija mwezi wa tano tutabishana mpaka uchoke.

Nzilani

*Baba, usijali huyu. Neno la mto nimelishika. Mwambie Mama Syokau anibakizie paja lingine. — Kang'ethe*


Makindu
16 Aprili 1988

Mjomba,

Kang'ethe amekufa maji, Jumamosi ya wiki iliyopita. Walimpata Jumatatu. Tumemzika jana, hapa kwenye shamba lao nyuma ya stesheni.

Nilikutumia telegramu. Sikukuona. Nimeangalia barabara mpaka watu wakaondoka.

Siwezi kuandika zaidi.

Nzilani


Kanyangi
8 Mei 1988

Mwanangu Nzilani,

Sina salamu. Mama Syokau hajala vizuri tangu siku ile na ananyoosha mkono kwenye mlango kila ukibishwa.

Telegramu ilinifikia Jumatano. Siku hiyo hiyo nilishuka kivukoni na wanaume wawili. Athi ilikuwa imepanda mpaka kwenye miti, rangi ya damu ya mbuzi. Nilijifunga kamba nikaingia mara mbili, mara mbili wakanivuta nyuma. Nikasema nitazunguka kwa Kitui na Machakos, lakini barabara ilikuwa imekatwa na mabasi yamelala. Mimi Musembi, mtu wa kamba, nilisimama ukingoni wakati mnamfukia mkwe wangu. Nisamehe kwa hilo.

Sasa nakuuliza, na unijibu. Ilikuwaje? Alijua kuogelea. Nilimfundisha kwa mikono hii. Mtu anayekata maji vile hafi hivi hivi. Nimelifikiria usiku na mchana na naona jambo moja tu. Alishika ule ubao. Mlimwambia asiuache na akausikiliza, ukamvuta kama baiskeli ilivyomvuta Ndululu. Nilikuambia ubao ni mzigo, Nzilani. Nilikuandikia kwa mkono wangu.

Nina uchungu na maneno yangu ni makali. Lakini nijibu.

Musembi


Makindu
2 Juni 1988

Mpendwa Mjomba,

Natumaini goti halikuumia siku ile ya kamba. Hukupaswa kuingia mara ya pili. Mtu mmoja alitosha.

Mimi niko. Nimerudi dukani. Mama mkwe haniongeleshi, ila kwa mambo ya misumari. Nampikia, anaacha chakula kinapoa, kisha anapika chake. Kuna swali aliniuliza siku ya mazishi, mbele ya watu, na sikumjibu. Ananiuliza tena kila Jumapili tukitoka kanisani, lile lile. Jamaa zake waliotoka Murang'a wamesema wazi kwamba mimi niliyajua maji na yeye hakuyajua, na kwamba mke wa maana angekufa naye. Siwalaumu. Nami nimewahi kufikiria hivyo.

Umeuliza ilikuwaje. Mkondo ulimchukua. Maji yalikuwa yanakupwa kwa nguvu na yakamvuta kuelekea mlango wa mwamba, penye bahari kuu. Nilikuwa mbali. Hayo ndiyo yote. Sitaki kuulizwa tena, hata na wewe.

Unaweza kurudi kwenye Kikamba sasa. Hakuna anayesoma nami.

Nzilani


Kanyangi
19 Juni 1988

Mwanangu,

Wakya. Kikamba nakijua, lakini nikikirudia leo nitakuwa nimemfungia mlango. Nitaendelea hivi hivi. Nikiandika namwona nyuma ya bega lako.

Hukunijibu, na kutokujibu kwako ni jibu. Aliushika ubao. Basi sikiliza ninachokusudia. Sitakubali ulaumiwe na watu wa Murang'a kwa kosa la mwingine. Maji yakishuka nitakuja kwa Mama Wanjiro nimweleze kwamba si wewe. Kisha nitapanda gari mpaka Nuu, kwa baba yake Nzuki, nimwambie mbele ya wazee wake kwamba mwanawe anafundisha watu kung'ang'ania kifo, na kwamba damu ya mkwe wangu iko mikononi mwake. Wazee wa Nuu wanajua la kufanya na jambo kama hilo.

Mjomba,
Musembi


Makindu
27 Juni 1988

Mjomba,

Usiende Nuu. Nakuomba kwa jina la mama yangu. Nzuki hana kosa lolote. Alipiga mbizi mpaka akatokwa damu puani.

Na huku pia usije kwa sasa. Nitakuja mimi.

Nzilani


Kanyangi
20 Julai 1988

Mwanangu Nzilani,

Nuu sikwenda. Makindu nilikwenda, kama ulivyokwisha kuambiwa. Ulikuwa umesafiri kuleta mali ya duka, na nadhani Mungu alipanga hivyo, kwa sababu ungekuwepo ungenizuia nisiketi na Mama Wanjiro.

Alinipokea kwa heshima. Alinipa kiti chenye mgongo na chai yenye maziwa. Nikaanza hotuba yangu niliyoitunga njiani, kwamba ubao ndio uliomuua. Akaniacha nimalize. Kisha akaniambia kwamba ubao ulikutwa unaelea, mzima, tanga halijachanika, kama kitanda kilichotandikwa. Akasema mwanawe alikuwa amevaa jaketi la kuelea alipoondoka ufukweni. Jaketi lilikutwa limekunjwa na kufungwa kwenye ufito wa tanga. Akaingia chumbani akaleta lile jaketi, maana alilidai kutoka hotelini, limechomolewa kwenye ufito na kamba yake ikiwa bado imefungwa. Akaniuliza swali lile. "Mzee, wewe ni mtu wa maji. Mbona mwanangu alivua kitu cha kumwokoa, akakifunga vizuri namna hii, akauacha ubao?"

Nilishika lile fundo. Nzilani, mimi sikuhitaji kulitazama mara mbili. Lilikuwa langu. Nilivuta ncha moja likafunguka.

Nilimwambia. Nilimwambia habari ya gunia la mchanga, na kelele zangu, na maji niliyomtemea kifuani, na kiapo. Nilimwambia kwamba uliniandikia nimfundishe mwanawe kuushika ubao, kwamba barua ilichelewa, na kwamba hata ingewahi nisingekubali, maana nilikujibu hivyo. Nilimwambia kwamba aliyemuua ni neno langu, na kwamba wewe ulijua na ukanyamaza ukalaumiwa.

Nilingoja anifukuze. Mteja aliita dukani, akakosa mtu, akaondoka. Kisha aliniuliza kama mwanawe alikuwa akicheka alipojifunza kuogelea. Nikasema ndiyo, mpaka akanywa maji. Akasema kwamba alimpiga fimbo mara moja tu kwa ajili ya mto, akiwa mdogo, na hakuingia tena. Akalia, nami nikalia, wazee wawili na chai imepoa.

Kwa nini hukuniambia? Nilikuandikia maneno yale mabaya mwezi wa tano, ukayameza.

Musembi


Makindu
14 Agosti 1988

Mjomba,

Nimeishika kalamu mara nyingi nikaiweka. Leo nitaandika yote, kisha tusiyarudie.

Ilikuwa siku ya nne ya mafunzo. Alikuwa amejua kugeuza ubao na Nzuki alimruhusu atoke kidogo. Ilikuwa asubuhi, saa yake. Tulikubaliana mimi nikae ufukweni saa yake. Lakini upepo ulikuwa mzuri, Mjomba, wa kwanza mzuri tangu tufike, na aliniambia, "Nenda, nikuone." Nikachukua ubao nikaenda mpaka kwenye mwamba. Hilo ni langu na sitakupa.

Upepo ukafa mara moja, na maji yakaanza kukupwa. Nilipogeuka niliona ubao wake hauna mtu. Nzuki alikuwa ameshauona na alikuwa anahangaika na injini ya mashua. Nilimtafuta Kang'ethe kwa macho nikamwona, karibu kuliko nilivyofikiri, anakata maji kuelekea ufukweni, mkono kwa mkono. Alikuwa anaogelea vizuri. Sijawahi kuona mtu anaogelea vizuri vile bila kusonga. Bahari ilikuwa inarudi nyuma chini yake kwa kasi ile ile aliyokuwa anakwenda nayo mbele. Nikapiga kelele arudi kwenye ubao. Alinisikia. Aliinua mkono mmoja, kama anayesema usijali, na alikuwa anatabasamu, maana alijua anafanya sawasawa. Alikuwa anatafuta ukingo.

Mto una ng'ambo, Mjomba. Mtu akikata maji kiubavu atagusa udongo mahali fulani. Kule, maji yakishaamua kutoka, hakuna ukingo. Mashua ilipofika alikuwa ameshachoka na kuzama. Ulikuwepo ubao wake na jaketi lililofungwa vizuri.

Sikukwambia kwa sababu wewe ndiye uliyenilea, na nilijua ukisikia hutaweza tena kushuka kivukoni. Nilitaka unione mimi mbaya, hata Nzuki umwone mbaya. Nilikuwa nimekwisha kufiwa na mmoja. Lakini nisikudanganye: nina hasira na wewe. Nikikumbuka yale uliyoandika, kwamba hutarudi nyuma ya neno lako, napata hasira upya, na sijui itaisha lini. Nakupenda na nina hasira. Yote mawili ni kweli.

Mama mkwe hunijia jioni na sahani yake. Hatuongei sana. Jumapili iliyopita hakuniuliza swali.

Nzilani


Kanyangi
4 Septemba 1988

Mwanangu Nzilani,

Wakya. Mama Syokau anakusalimu. Amekausha nyama anakuwekea.

Hasira yako nimeipokea. Ikae kadiri itakavyotaka, hata ikizeeka nami. Kwa lile la kutoka kwenda mwambani, usilichukue peke yako. Alitaka kukuona, na alikuona.

Mvua za mwezi wa kumi zikija watu watafika kivukoni, nami nitashuka. Nitawaambia achieni mzigo, kwa sababu kwenye Athi ni kweli na bado watu wanapenda madebe yao kuliko roho zao. Lakini sitamwapisha mtu tena. Nikimaliza kusema, nitamwuliza anakwenda wapi baada ya hapa, na kama huko kuna maji nisiyoyajua.

Ulisema mwezi wa sita nirudi kwenye Kikamba nikakataa. Leo nakubali. Kuanzia sasa nitakuandikia Kikamba. Kiswahili hiki nilikiandika kwa ajili ya mtu mmoja tu, ambaye hakutaka kutafsiriwa. Alinisoma mwenyewe, neno kwa neno, na akanielewa.

Mjomba wako,
Musembi